Ufunguo Uliofungua Milango Tu

MAELEZO YA SHAHIDI YALIYOCHUKULIWA KITUONI

Shahidi: Mwanamke, anayejulikana kazini na nyumbani kwa jina la Mama Rimoti
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa funguo za magari
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana yake, mtaa wa maduka ya vipuri
Kuhusu: Kifo cha mama mkwe wa mtuhumiwa ndani ya gari

Nimeonywa na afande anayeandika kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa miguu yangu na akili zangu ni timamu, ingawa mdomo umevimba na baadhi ya maneno yanatoka nusu.

Nimeitwa kwa sababu mtuhumiwa, ambaye ni mfanyabiashara wa vigae, amesema mama mkwe wake alikufa kwa ajali. Anadai rimoti niliyomtengenezea ilikuwa mbovu, ikagoma kufungua milango. Swali mnaloniuliza ni moja tu: ufunguo ule ulikuwa mbovu au mzima? Nikisema mbovu, ni ajali, na aliyeisababisha ni mimi. Nikisema mzima, yule bwana ameua. Nitaeleza tangu mwanzo, na naomba nisikatizwe, maana nikikatizwa nitaanza kutukana.

Mnamo tarehe 9 ya mwezi huu, kama saa tatu asubuhi, nilikuwa karakanani kwangu nikisafisha mashine. Mtuhumiwa alikuja akiendesha mwenyewe gari jeupe, dogo, la familia. Vioo vyote vya pembeni na cha nyuma vilikuwa vimebandikwa tinti nyeusi. Alikuwa na shati lililopigwa pasi likanyooka, na alisalimia kila mtu pale mtaani, hata muuza maji ambaye huwa hasalimiwi na mtu. Nasema hivyo kwa sababu watu wanadhani mtu mbaya huja na sura ya ubaya wake. Huyu alikuja anacheka.

Aliniwekea rimoti mezani akasema, “Fundi, hii imenichosha. Nabonyeza mpaka kidole kinauma, gari linanitazama tu.”

Nikamuuliza, “Iliingia maji?”

“Ilifuliwa pamoja na suruali.”

“Basi ilishakufa siku nyingi, baba. Unatembea na maiti mfukoni.”

Tukacheka wote wawili. Niliifungua mbele yake. Ndani ilikuwa imeota kutu ya kijani mpaka kwenye vitufe. Nikamwambia haitengenezeki, anunue mpya nimprogramie. Nilimwomba kadi ya gari na kitambulisho, akatoa vyote viwili, na jina lilikuwa lake. Mimi gari bila kadi siligusi. Nimewahi kumfukuza mchungaji kwa sababu hiyo hiyo.

Nikamwambia pia alete funguo zote za gari hilo. Hapa nieleze kidogo kazi yangu. Ndani ya ufunguo kuna vitu viwili. Kuna vitufe, ambavyo vinafungua na kufunga milango, na kuna chipu, kipande kidogo ambacho gari hukitambua ndipo likubali kuwaka. Magari ya aina ile, ukisajili chipu mpya, kila ufunguo ambao haupo pale siku hiyo unafutwa. Gari linausahau kabisa, hata kama ulitumika jana. Ndiyo maana fundi mwenye akili hafanyi kazi mpaka funguo zote ziwe mezani.

Akasema, “Huu hapa wa mke wangu,” akautoa kwenye mfuko wa shati. Ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha pazia, maana mkewe anashona mapazia. Ufunguo ule haukuwa na tatizo lolote.

Akavuta kiti karibu. Akaniuliza kama vitufe na chipu vinasajiliwa pamoja. Nikamwambia hapana, kila kimoja na zamu yake. Akasema, “Kwa hiyo unaweza kuwa na ufunguo unaofungua milango, halafu gari lisiwake?”

“Inawezekana. Ila nani anataka upuuzi huo?”

“Mimi,” akasema, na akasogeza kichwa kama mtu anayetoa siri. Kwamba keshokutwa ni siku ya kuzaliwa ya mke wake. Kwamba amemnunulia gari jipya na litafichwa kwa jirani. Anataka mkewe aingie kwenye gari la zamani, apakie vitu vyake, awashe, ligome. Akishakasirika vya kutosha, geti linafunguliwa na gari jipya linaingia. Alisema, “Nataka nione uso wake, fundi. Huo uso ndio nanunua.”

Nilifurahi, sifichi. Mimi sijanunuliwa hata baiskeli. Nilimwona mwanamume wa maana, nikafikiria baba watoto wangu ambaye aliondoka na jiko la gesi, nikasema moyoni kwamba kumbe wengine wamepata. Nikamsajilia rimoti mpya, vitufe na chipu. Ule wa mkewe nikausajilia vitufe peke yake, chipu yake gari likaisahau. Nikambandikia kila ufunguo stika yenye namba yangu ya simu, kama ninavyofanya kwa kila mteja. Nikamwambia shughuli ikiisha aulete, kuurudisha ni kazi ndogo.

Afande ameniuliza kuhusu kufunga mara mbili. Hilo pia lilianzia pale. Wakati wa majaribio aliniuliza kile kitufe kikibonyezwa mara mbili haraka haraka kinafanya nini. Nikamweleza kwamba gari lile lina kufuli ya ziada dhidi ya wezi. Ukibonyeza mara moja milango inafungwa, lakini aliye ndani anaweza kuvuta kishikizo akatoka. Ukibonyeza mara mbili, hata vishikizo vya ndani vinakufa. Mwizi akivunja kioo hawezi kufungua mlango. Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu, “Usifanye hivyo kukiwa na mtu ndani.”

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha dereva, nachomoa waya wa mashine. Akafunga mlango polepole. Akabonyeza mara mbili.

Nilivuta kishikizo, hakikufanya kitu. Nikamwambia afungue. Alikuwa amesimama mbele ya gari, ananiangalia kupitia kioo cha mbele, ambacho hakina tinti. Nikagonga kioo. Hakukunja uso wala hakucheka. Aliniangalia jinsi mtu anavyoangalia sufuria kama imeanza kuchemka. Ilikuwa muda mfupi, lakini jasho lilinitoka. Halafu akafungua, akasema, “Samahani fundi, nilikuwa nahakikisha.” Nilimtukana kidogo, akaomba radhi vizuri sana, akaondoka. Nilikasirika mpaka mchana, kisha nikapata wateja wengine nikasahau.

Mnamo tarehe 11, saa nne na nusu asubuhi, simu yangu iliita. Namba sikuijua. Alikuwa mwanamke.

“Samahani dada, wewe ndiye Mama Rimoti? Namba nimeikuta kwenye ufunguo.”

“Ndiye mimi, mama. Sema.”

“Gari linafunguka lakini haliwaki. Na nina mgonjwa, tuna safari.”

Neno mgonjwa nililisikia. Naomba liandikwe kwamba nililisikia. Ila kila mteja anayetaka fundi aharakishe ana mgonjwa, au ana ndege, au bosi wake yuko pembeni. Mimi nilijua huyu ndiye mwenye siku yake. Nilikuwa nazuia kicheko na hakikuzuilika. Nikamwambia, “Tulia hapo hapo ndani ya gari, mama. Mumeo anajua cha kufanya. Akija mpe ufunguo, usimbishie. Leo siku yako.”

“Siku yangu ya nini?”

“Utaona,” nikasema, nikakata simu. Nilimweleza hata muuza maji, tukafurahi pamoja.

Saa tano kasoro dakika chache alipiga tena. Sauti haikuwa ile. Alisema mumewe alikuja akitabasamu, akasema lete nikujaribie, naye akampa ufunguo kama nilivyomwelekeza. Mumewe akaurudishia mlango taratibu, gari likalia mara mbili, na tangu hapo hakuna mlango unaofunguka. Vioo havishuki. Amepiga honi mpaka majirani wamechoka kuisikia. Kaka yake amempigia, lakini yuko mbali. Yuko ndani na mama yake mzazi ambaye ana ugonjwa wa moyo, na upande aliokaa mama ndio wenye jua.

Nikamuuliza mumewe yuko wapi.

“Yuko kibarazani. Anamenya chungwa.”

Nikamwambia avunje kioo. Akasema amepiga kwa kisigino cha kiatu mpaka kisigino kimetoka, kioo kimepasuka lakini hakimwagiki. Ni ile tinti, afande. Karatasi ile inashika vioo kama gundi. Nikamwomba aelekeze nyumba, nikachukua nyundo, bisibisi na wembe, nikapanda pikipiki. Njiani alipiga mara ya tatu. Alisema sentensi moja tu, “Mama ameacha kunijibu.”

Nilifika kama saa tano na robo. Geti lilikuwa limerudishiwa tu, nikalisukuma. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, hakuna kivuli popote. Mtuhumiwa alikuwa kibarazani kwenye kiti, miguu juu ya stuli. Funguo zote mbili zilikuwa kwenye kisosi pamoja na maganda ya chungwa.

Akasema, “Fundi! Karibu. Kazi yako safi sana.”

Nikamwambia afungue gari.

“Gari la nani? Si kadi umeiona mwenyewe?”

Nikamwambia kuna mgonjwa mle ndani. Akameza kipande cha chungwa kwanza. Ndipo akasema, na haya nayanukuu kama yalivyo kwa sababu siwezi kuyasahau hata nikijitahidi: “Mke wangu anahama. Anasema kwangu anakosa hewa. Nimemwonyesha kukosa hewa kukoje, ili huko aendako awe na cha kulinganisha.”

Nikauliza, “Na mama mkwe wako?”

“Yeye ndiye aliyemfundisha kuondoka.”

Ningemrukia nichukue zile funguo, lakini ni mwanamume mkubwa na mimi nina nyundo tu na pumzi ya pikipiki. Nikaona gari ndilo la kwanza. Niliangalia kwa kioo cha mbele. Mkewe alikuwa ameshuka kiti cha dereva, amepiga magoti katikati ya viti, anampepea mama yake kwa bahasha ya hospitali. Mama mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma, amekaa wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Nikaenda kwenye mlango wa nyuma, nikapiga kona ya kioo. Kikageuka cheupe chote lakini kikabaki mahali pake. Nikaanza kuichana tinti kwa wembe. Nilipata tundu la kupitisha mkono. Mkono wa mkewe ukatoka, ukanishika kifundo cha mkono, na alikuwa anasema kitu, lakini sikukisikia, kwa sababu wakati huo huo mtuhumiwa alibonyeza kitufe cha alamu. Gari likaanza kupiga kelele. Naye akasimama kibarazani akapiga kelele zaidi ya gari: “Mwizi! Mwizi wa gari! Nisaidieni!”

Kiwanja cha jirani kuna nyumba inajengwa. Walikuja mafundi wanne au watano, wakakuta geti wazi, alamu inalia, mwanamke ana nyundo mkono mmoja na wembe mkono mwingine, kioo kimevunjwa, na mwenye nyumba ana shati safi. Siwalaumu sana, na pia nawalaumu. Walinikokota. Ule mkono uliokuwa umenishika ulining'ang'ania mpaka ukateleza kidole baada ya kidole. Nilipigwa kofi, nikapigwa kiatu. Jino langu moja liko kwenye uwanja ule. Mmoja alinikalia mgongoni. Nilisema kuna watu ndani, nikalisema mara nyingi, lakini mdomo ulikuwa kwenye mchanga na alamu ilikuwa inalia.

Sasa afande andika hili vizuri. Mtuhumiwa alishuka kibarazani. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye gari akasimama na kuegemea lile tundu nililolichana, mgongo wake ukaliziba lote. Akasimama pale akiwashukuru wale mafundi, akiwaambia wezi wamezidi siku hizi. Mkono wa mkewe ulikuwa nyuma ya mgongo wake. Niliona shati lake linavutwa, nikaona anavyolinyoosha.

Mmoja wa mafundi wale, mpaka rangi ambaye hakuwa amenipiga, alizunguka mbele kutazama hasara. Akaweka uso kwenye kioo cha mbele. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akashika kichwa, akapiga ukelele ambao alamu haikuuzuia. Wote wakakimbilia upande ule.

Hapo ndipo mtuhumiwa alipoinua rimoti. Akabonyeza mara moja. Alamu ikanyamaza na milango ikafunguka. Rimoti haikusita wala haikubonyezwa mara ya pili. Nilikuwa chini, kichwa kimegeukia kule, niliona kidole chake.

Papo hapo akaanza kulia. Machozi ya kweli, afande, yanadondoka. Akasema, “Jamani, hii rimoti ni mbovu! Nimebonyeza muda wote! Huyo fundi ndiye aliyeniharibia!” Na wale mafundi walionipiga wakarudi wakanishika upya.

Mkewe alitoka akiwa amelowa kana kwamba amemwagiwa ndoo. Hakupiga yowe. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaokota kiatu cha mama yake kilichokuwa kimeanguka chini ya kiti, akamvalisha. Akakifunga kamba. Mpaka rangi ndiye aliyeita gari la wagonjwa na ndiye aliyewaita ninyi. Daktari alikuja akamgusa shingoni, hakuchukua muda.

Leo kabla ya kuingia chumba hiki nimekaa kwenye benchi la ukumbini. Mtuhumiwa alipitishwa pale akipelekwa kuweka alama za vidole. Askari aliyekuwa naye alisimama kuzungumza na mwenzake, naye akainama karibu na sikio langu. Alisema kwa upole ule ule wa kununulia rimoti, “Fundi, sema tu ulikosea kidogo kwenye mashine. Fundi yeyote anakosea. Wewe utapewa onyo, mimi nitamzika mkwe wangu, kila mtu anarudi nyumbani. Ukisema ufunguo mzima, utaulizwa nani aliutengeneza hivyo.”

Ana akili, nampa hiyo. Ni kweli nitaulizwa.

Mkewe alikuwa benchi hilo hilo, mwisho kabisa. Nilidhani hanijui. Alipopita yule, akageuka akaniuliza, “Wewe ndiye ile sauti ya kwenye simu?”

Nikasema ndiyo, dada.

Akasema, “Ulikuwa unacheka.”

Nikasema ndiyo. Nilitaka kumweleza habari za siku ya kuzaliwa na gari jipya kwa jirani, nikaona nikieleza nitakuwa namwomba yeye anifariji mimi. Yeye hana siku ya kuzaliwa mwezi huu, afande ameniambia. Alikuwa anampeleka mama yake kwa kaka yake, na mumewe ndiye aliyempa ruhusa ya gari, akasema ataupeleka ufunguo kwa fundi kwanza ili wasafiri salama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Rimoti ile ni nzima. Niliisajili mimi, haina kosa, ingefungua milango ile wakati wowote ambao kidole kingetaka. Ufunguo wa mkewe nao ulifanya kile ulichotengenezewa kufanya, kufungua milango ili aingie, na kukataa kuwaka ili abaki. Nilitengeneza hivyo kwa mikono yangu kwa sababu niliombwa kwa kicheko. Mkinishtaki kwa hilo nishtakini. Lakini sitasema neno mbovu, hata kwa nusu mdomo huu nilio nao, kwa sababu nikilisema tu yeye atakwenda nyumbani kumenya chungwa.

Niliyoyaeleza hapa niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa yote kwa sauti, ni yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyosema na nimemsomea, akayakubali. Baada ya hapo, saa tisa alasiri, rimoti iliyokamatwa kwa mtuhumiwa ilijaribiwa kwenye gari husika uwanjani hapa kituoni. Mtuhumiwa alikuwepo. Kwa kuwa alisisitiza kwamba rimoti ina hitilafu, nilimpa aishike yeye ajaribu, nikaingia mimi na kukaa kiti cha nyuma, nikafunga mlango. Alibonyeza mara mbili. Nilivuta vishikizo vya pande zote mbili, havikufanya kazi. Nikamwamuru afungue. Alisema haifunguki. Kupitia kioo cha mbele nikaona kidole chake hakipo kwenye kitufe. Askari mwenzangu alimnyang'anya rimoti akabonyeza mara moja, nikatoka.